Nyuma ya Mboni

Cape Town, 4 Februari 2024

Waya mpendwa,

Amosi sana, nakusalimu shangazi yangu, na wote walio hapo Migosi nao wasalimie. Mimi ni mzima. Kiangazi bado ni kikali huku, upepo unavuma tangu asubuhi, na nimepata kanisa dogo ambapo wanaimba vizuri, ingawa hawajakufikia wewe.

Juzi kwenye simu uliniuliza ninawafanyia nini hasa hao panya, halafu laini ikakatika. Nadhani ulifikiri nimekata mimi. Sikukata. Basi nakujibu hapa.

Ninawapiga picha za macho, na si macho ya nje. Nyuma kabisa ya jicho, ndani ya mboni, kuna utando mwembamba unaopokea mwanga. Madaktari wanauita retina. Panya wetu wanazaliwa na ugonjwa uleule uliomchukua baba macho: utando huo unakufa polepole kuanzia pembeni, ukisogea kuelekea katikati. Wenzangu wana dawa wanayoijaribu. Zamani, ili kujua kama dawa inafanya kazi, ilibidi panya auawe na jicho lake likatwe vipande. Panya mmoja alitoa jibu moja, basi, amekwisha. Mimi na mwenzangu Bridget tumepewa kazi ya kutafuta namna ya kumpiga picha panya akiwa hai, amelala kwa dawa ya usingizi, kisha aamke, ale, na baada ya wiki apigwe tena mahali palepale. Jicho lake lote ni kama punje ya mtama. Picha zetu bado ni mbaya, lakini tunajaribu.

Waya, hapo Kisumu kuna kliniki ya macho yenye mashine ya kuwapiga watu picha kama hizi. Baba hakuwahi kupigwa. Nakuomba uende. Haina maumivu.

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usipate taabu.

Mwanao anayekukumbuka,
Ajwang


Migosi, Kisumu, 9 Machi 2024

Nyathina Ajwang,

Mwanangu, barua yako imefika, nami namshukuru Mungu kwamba una afya na una kanisa. Hapa mvua zimetangulia kabla ya wakati wake na barabara ya nyuma ya ploti imekuwa mto. Mpangaji wangu Nelima amejifungua mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Mzee wa ukoo wetu, Opondo, yuko Asembo Bay kama kawaida. Bado ana mashua zake, bado anagombana na kila mtu pale ufukweni, na bado anarudi nyumbani kabla jua halijaanza kuteremka kama mtu anayesubiriwa na wageni.

Sasa mwalimu ni mwalimu, hata akistaafu. Barua yako nimeipunguzia alama. Herufi zako ni kubwa mno. Neno "Kisumu" nimelisoma vipande: Ki, nikasogeza kichwa, su, nikasogeza tena, mu. Andika kwa herufi ndogo, kama nilivyokufundisha.

Kuhusu kliniki, nina shughuli nyingi. Kwaya nimemwachia Beldina, maana ibada za jioni zina baridi siku hizi na kifua changu hakipendi baridi.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuyasikia yaliyosemwa. Opondo anaamini mpaka leo kwamba macho ya nyumba yetu ni chira, adhabu ya mwiko aliouvunja bibi yetu wakati wa matanga ya mumewe. Baba yako Ogola alipoanza kujigonga kwenye miti akiwa kijana, ukoo ulikaa, wakachinja kondoo, na hakuna kilichobadilika. Nami wachumba walikuja hadi mlangoni, wakasikia habari za macho, wakarudi kwao. Nilifundisha watoto wa watu, nikawa na furaha yangu. Sasa sitaki kijana wa koti jeupe anichungulie machoni ili anieleze kile ambacho Asembo nzima ilishanieleza.

Na wewe je? Macho yako ni ya Ogola, hata unavyoyapepesa. Umejipima? Usinijibu kwa habari za panya.

Nakuombea kila asubuhi,
Waya Rachael


Cape Town, 21 Aprili 2024

Waya,

Salamu nyingi, na pongezi kwa Nelima. Nami niko salama, ila nimehamia chumba kingine kilicho karibu na maabara.

Pale ulipoandika Ki, su, mu, nimepasoma tena na tena. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuelewa maana yake. Mtu ambaye macho yake ni dhaifu kwa jumla anaomba herufi kubwa. Anayeomba ndogo ni yule ambaye pembeni pamezimika, anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Herufi kubwa haimtoshi mle ndani.

Waya, tundu lako limebaki na ukubwa gani?

Sikuulizi ili nikutie hofu. Nakuuliza kwa sababu wiki iliyopita nimeona jambo ambalo nisingeweza kulisema kwenye simu. Tulipata picha moja nzuri, moja tu kati ya nyingi zilizoharibika. Nilimlaza panya ubavu, nikaielekeza taa kwenye mboni yake, nami nikazungusha kirungu cha mashine polepole. Mara giza kwenye kioo cha kompyuta likafunguka. Katikati kulikuwa na duara lenye mng'ao hafifu, na kutoka pale mishipa ya damu ilitawanyika pande zote, mikubwa ikizaa midogo, midogo ikizaa mingine, mpaka macho yangu yakashindwa kuifuata. Na ilikuwa inapiga, Waya. Kila moyo wake ulipodunda, mishipa ilitikisika kidogo. Nilikuwa ndani ya kiumbe hai, kwenye chumba ambacho hakuna mtu aliyekigusa, na yeye amelala tu, masharubu yakitetemeka.

Nilikumbuka ulivyokuwa unatusomesha Zaburi, kwamba tumeumbwa kwa namna ya kutisha na ya ajabu. Nilizoea kuyapita maneno hayo. Siku ile nilikaa chini.

Kuhusu swali lako, tutazungumza tukionana.

Ajwang wako


Cape Town, 30 Juni 2024

Waya mpendwa,

Natumaini u mzima. Barua yangu ya Aprili hujaijibu. Kwenye simu uliniambia mtandao ni mbaya, ukanipa Nelima, naye akaniambia uko salama kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aseme hivyo.

Huku ni majira ya baridi na kazi yetu inakwenda vibaya. Picha zimejaa ukungu. Kila wiki ukungu unazidi, na unazidi zaidi kwa panya waliopewa dawa, ambao tunawapiga picha asubuhi mapema. Mkuu wa maabara anadhani dawa inawaharibu macho. Amesema mwisho wa Julai jaribio litafungwa na kundi lote litaondolewa. Unajua neno hilo lina maana gani kwa panya.

Tafadhali niandikie, hata mistari miwili.

Ajwang


Migosi, 28 Julai 2024

Nyathina,

Nisamehe kwa ukimya, na uusamehe mwandiko. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta, umefunguliwa Jumatano. Nelima alinilisha uji kama anavyomlisha binti yake, na Beldina wa kwaya alikuja kila siku kunifulia. Kwa hiyo usimkasirikie Nelima. Mimi ndiye niliyemkataza kukueleza.

Ilikuwa hivi. Nilitoka soko la Kibuye na mboga zangu, mchana kweupe. Mkokoteni wa magunia ulikuja kutoka upande wa kushoto. Kijana aliyeusukuma alipiga kelele, mama, mama, mama. Nilimsikia vizuri. Sikumwona. Nilisimama palepale nikigeuza kichwa kumtafuta, na alikuwa amefika. Yeye hana kosa, alijitupa pembeni hata akaumia goti. Nilipokuwa chini nikasikia mwanamke anamwambia mwenzake, "Mama mzima, na amelewa saa hizi." Ajwang, mimi sijawahi kuionja pombe. Nusu ya watoto wa Migosi wamejifunza kusoma kwangu. Nililala pale kwenye matope.

Uliuliza tundu langu lina ukubwa gani. Nyoosha mkono wako, ushike kisahani cha chai. Kilichomo ndani ya kisahani ninakiona safi kabisa, hata uzi kwenye kitambaa. Nje ya hapo hakuna kitu. Si giza. Hakuna tu. Kwaya niliiacha kwa sababu nilikuwa ninaanguka ngazini pale mwanga unapopungua, kifua changu hakina ubaya wowote.

Haya nimekuambia wewe peke yako.

Wale panya wasikitikie, lakini fanya kazi yako. Na swali langu la Machi bado liko pale lilipo.

Waya Rachael


Cape Town, 25 Agosti 2024

Waya yangu,

Pole, pole sana kwa mkono na pole kwa maneno ya yule mwanamke. Niliisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi za posta, na ilibidi nirudi ndani nikae. Asante kwa kunieleza.

Kuna jambo nataka ulijue kabla hujalisikia mahali pengine popote.

Siku moja mwishoni mwa Julai tulikuwa tumebakiza kumpiga picha panya wa mwisho wa kundi la dawa. Umeme ulikatika, mashine ikazima, na chumba kikawa baridi. Bridget akaenda kuuliza kuna nini. Yule panya alikuwa amelala mezani, na nilimwonea huruma, nikamchukua mkononi, nikamfunika kwa kiganja cha pili. Macho yake yalikuwa meupe, yamefifia kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Nikakaa naye hivyo, nikimpulizia pumzi. Na weupe ukaanza kuondoka. Ulianzia pembeni, ukapungua, ukapungua, mpaka mboni ikawa nyeusi inayong'aa, na mwanga wa dirishani ukajionyesha ndani yake.

Waya, ukungu haukuwa kwenye retina. Ulikuwa kwenye lenzi, mbele. Dawa ya usingizi humshusha panya joto la mwili, naye hafumbi macho, kwa hiyo jicho linapoa na kukauka, hasa asubuhi za baridi tulipowapiga wale wa dawa. Ni kama mchuzi wa samaki mbuta unavyoganda asubuhi ya baridi, na ukiurudisha jikoni unakuwa maji tena. Tulikuwa tunapiga picha ya mafuta yaliyoganda tukadhani chungu kimevunjika.

Nilikimbia kwa mkuu. Sikubisha hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema tupewe mwezi mmoja.

Tukamtengenezea panya kitanda chenye joto la mwili wake mwenyewe. Tukampaka jeli machoni, tukamvalisha lenzi ndogo, nyembamba kama gamba la omena, ili jicho lisikauke. Tukaunganisha mashine na kioo chenye uwezo wa kujipinda kidogo kidogo, kikisahihisha kasoro za jicho lenyewe. Kisha tukawapiga upya panya wote, waliopewa dawa na wasiopewa.

Nitakuambia nilichokiona. Niliona seli moja moja za jicho lililo hai. Zimepangwa zikibanana kama punje kwenye kichwa cha alizeti, kila moja na nukta yake ya mwanga. Kwa wasiopewa dawa pembeni palikuwa na mapengo, sehemu kubwa tupu. Kwa waliopewa, punje zilikuwepo. Bridget huongea tangu asubuhi hadi jioni, lakini pale alisema neno moja tu: "Zipo."

Kisha akanionyesha mshipa mwembamba kuliko yote. Ndani yake damu ilikuwa inapita, na haikupita kama maji. Zilipita chembe, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikijikunja ili ipenye. Mkuu alikuja, akasimama nyuma yetu, hakuna aliyemkaribisha kiti. Sote watatu tulitazama damu ya panya ikipita kwa mpangilio kama watoto wa shule wanaoingia darasani. Nililia, Waya, na sikuona aibu.

Dawa hii bado ni ya panya. Miaka itapita kabla haijamgusa mtu, na huenda isimfae. Sitaki kukudanganya. Lakini sasa tunaona tunachokifanya. Na nimeona kwa macho yangu kwamba kinachokufa ni seli, kwa sababu iliyo ndani ya seli. Hakuna mwiko wa bibi mle. Nilitafuta mpaka pembe ya mwisho.

Nenda kliniki. Safari hii nakuomba kama mtoto anavyoomba.

Ajwang


Migosi, 6 Oktoba 2024

Nyathina Ajwang,

Amosi, tena kwa moyo mwepesi. Nelima na mtoto ni wazima. Mkono umepona, ila unaniuma mvua ikikaribia.

Nilikwenda. Beldina alinishika mkono kutoka mlangoni kwangu mpaka kliniki, na sikujifanya kwamba ninamshika mimi. Daktari ni binti mpole. Alinitia matone machoni, akaniketisha mbele ya mashine, kidevu hapa, paji la uso pale. Mwanga ukawaka. Halafu akageuza kioo cha kompyuta kunielekea, akasema, "Mwalimu, hili ndilo jicho lako."

Kwanza sikuona kitu kwa sababu ya matone. Nikasubiri. Kisha nikalisogezea tundu langu kioo kile, taratibu, kama ninavyosoma herufi kubwa. Nikaona rangi ya chungwa, kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Nikaona mishipa uliyoniandikia. Nikafuata mmoja kwenda nje, na huko pembeni nikaona nchi imekauka, ina madoa meusi yaliyotapakaa kama masizi. Nikarudi katikati. Katikati kulikuwa na kisiwa kidogo, kizima, kisafi. Daktari akakigusa kwa kidole. Alisema kila nilichokiona kwa miaka hii, nyuso za watoto, noti za nyimbo, mwandiko wako, kimepitia pale.

Na wakati huohuo nilikuwa nakitazama kisiwa kile kwa kutumia kisiwa kilekile. Nilimwuliza daktari kama ni hivyo. Akafikiri, akasema ndiyo, Mwalimu, ni hivyo. Nikaomba aniachie muda kidogo, akatoka nje, akafunga mlango.

Walinichapia picha. Jumamosi nikaenda nayo Asembo Bay. Opondo alikuwa ameketi na ndugu wengine nyumbani kwake, Absalom, Dishon na wake zao. Nikaiweka mezani, nikawaeleza kama ninavyoeleza darasani, nikayasoma na maneno yako kuhusu seli. Nilisema sikuja kubishana na wazee wetu waliokufa, nimekuja kuonyesha. Nilitegemea Opondo aanze hotuba yake. Aliichukua picha, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Ajwang, nikamtazama anavyoisogeza, na nikaufahamu mwendo ule wa mikono.

Akasema polepole, "Rachael, mimi usiku sijaona tangu nilipooa."

Mkewe alifunika mdomo. Miaka yote ile tulidhani anawahi nyumbani kwa maringo, kumbe alikuwa anakimbia giza. Alikuwa akiitaja chira kwa sauti kubwa kuliko wote ili asiulizwe. Wala hakuna aliyemcheka. Absalom alisogeza kiti chake akakaa karibu naye. Wiki hii nampeleka kliniki, na mjukuu wake Debra pia, ambaye hujikwaa jioni na wamekuwa wakimpiga wakisema ni mzembe. Hawatampiga tena.

Tulipotoka ziwa lilikuwa tulivu. Nikaliweka ndani ya kisahani changu na kulitazama mpaka Beldina akachoka kunisubiri.

Swali langu sikuuliza tena. Unalijua.

Waya wako,
Rachael


Cape Town, 3 Novemba 2024

Waya,

Salamu kwako, kwa Mzee Opondo, na hasa kwa Debra.

Barua yako niliisoma mbele ya Bridget, nikamtafsiria. Aliuliza, "Na wewe umepigwa picha lini?" Katika chumba cha pili tuna mashine ya kupiga watu. Kila inapohitaji mtu wa kuijaribu, mimi humsukuma Bridget. Amekuwa akilijua hilo muda mrefu, na hakusema.

Nikaketi. Kidevu hapa, paji la uso pale.

Ninao ugonjwa wa baba, Waya. Katikati ni pazima kabisa. Pembeni, upande wa chini, madoa yameanza, madogo, yaleyale. Nilijua. Taa za barabarani zimekuwa zikinipoteza tangu mwaka juzi, na nilihamia karibu na maabara ili nisitembee gizani.

Nilidhani nitapiga kelele. Badala yake niliomba Bridget aikuze picha. Niliona mishipa yangu inapiga. Niliona punje zangu zimejipanga, maelfu kwa maelfu, kila moja ikipokea mwanga na kunyamaza kimya, na nimeishi nazo muda wote huu bila kuzitazama hata siku moja. Zinakufa, na ni nzuri kupita kiasi. Sijui kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Labda wewe unajua.

Kazi naendelea nayo. Panya wa mkononi bado anakula vizuri.

Sasa nimekujibu.

Ajwang


Migosi, 1 Desemba 2024

Nyathina, nyar omera, binti wa kaka yangu,

Sikukupigia simu kwa sababu ningelia, nawe ungelazimika kunituliza, na zamu hii si yako.

Asante kwa jibu. Nimelisoma kwa herufi zako ndogo, neno kwa neno.

Opondo amepimwa, Debra naye amepimwa. Mtoto anao ugonjwa huo. Mwalimu wake mpya amemketisha mbele, karibu na dirisha, na amewaeleza wenzake sababu. Opondo mwenyewe alikwenda shuleni kuzungumza naye, amevaa koti.

Kuna kijana anaitwa Wechuli, haoni tangu utotoni, anafundisha watu wazima hapa mjini. Jumanne ananifundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, Alhamisi kusoma nukta za breli kwa vidole. Vidole vyangu ni vizito na ananikemea, jambo ambalo linamfurahisha kila mtu Migosi. Nimevuka barabara ya Kibuye peke yangu. Watu wanaiona fimbo, wanasimama. Hakuna aliyeniita mlevi.

Uliuliza kama najua kuyaweka pamoja yale mawili. Sijui. Ila nayabeba yote, na mikono inazoea.

Njoo Krismasi, ukae mpaka uchoke. Mchana utanisimulia nyuma ya mboni kulivyo, usiache hata mshipa mmoja. Jioni, jua likianza kuteremka, nishike mkono tutoke nje. Wewe unaingia sasa kwenye njia ambayo mimi nimeitembea tangu ujana wangu, Ajwang. Najua penye mashimo.

Waya wako,
Rachael